Leza ya mara 12, na mbwa bado anakwaruza kucha

Daktari, hujambo?

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ngong. Nina mbwa dume, German Shepherd, umri wake miaka 9, jina lake Haikuhusu. Jina alipewa na mume wangu mwaka tuliohamia huku, wakati jirani mmoja alikuwa hana kazi ila kuhesabu wageni wetu. Jirani alishahama, jina likabaki. Nyumbani tunamwita Kuhu, maana ukiliita jina lote barabarani watu wanakugeukia kwa hasira.

Tangu mvua za Aprili Kuhu si yule. Asubuhi kuinuka ni kazi. Anainua kifua kwanza, anakaa hapo kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka, halafu ndipo anavuta makalio. Akishazunguka ua mara mbili anachangamka kidogo. Usiku akipita sebuleni nasikia kucha za nyuma zikikwaruza saruji, kwaru, kwaru, hata taa ikiwa imezimwa najua alipo. Nikimgusa nyonga halii.

Nilimpeleka kliniki moja ya Nairobi, mahali pasafi sana, pana hadi samaki wa mapambo. Daktari alimpapasa nyonga, akasema ni baridi yabisi, na kwamba siku hizi hakuna haja ya dawa, kuna tiba ya leza. Haina sindano, haina maumivu, haina madhara. Kifurushi cha mara 12 ni shilingi 30,000, unalipa mbele. Nikalipa kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Picha ya eksirei hawakupiga.

Tumeshakwenda mara nne. Tunavaa miwani, na Kuhu anavalishwa yake, analazwa kwenye godoro, na msichana anampitishia kitu kama mpini chenye taa nyekundu kwa dakika chache. Mara ya tatu, walipofika mgongoni penye manyoya meusi, alishtuka akageuka nusura amng'ate. Sasa akiliona tu lile godoro anatetemeka. Lakini kila tukirudi naona nafuu: jioni ananifuata mpaka getini. Baba Zawadi anasema haoni chochote. Anasema naona nilicholipia.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Kwake yeye 30,000 za kummulika mbwa tochi, karo ya mjukuu ikiwa haijakamilika, ni matusi. Shemeji, ambaye ana duka la dawa, akaleta diklofenaki za miligramu 50, akasema hizi zinamaliza kazi kwa shilingi mia. Tukampa Kuhu asubuhi na jioni, siku tatu. Siku ya pili alitembea kama kijana! Ya tatu akatapika, akakataa chakula, na choo chake kikawa cheusi kama lami. Tukaziacha, ingawa mimi nadhani ni omena zilizolala. Kijana wangu naye amepata mtandaoni taa ya mwanga mwekundu ya 4,000, anasema tungenunua hiyo tukamalizana na kliniki.

Nisaidie, daktari. Hii leza inaponya kweli au tunaliwa pesa? Nimalizie zile nane zilizobaki? Ninunue taa? Na jambo la mwisho: paka wangu Zuhura aliumwa na paka mwingine karibu na mkia, kidonda kinatoa usaha. Naweza kumpeleka naye akamulikwa kwenye zile nane, kwa kuwa zimeshalipiwa? Kwa sasa nilifikiria kumpa robo ya Panadol.

Mama Zawadi, Ngong

*

Shikamoo mwalimu.

Barua yako ilifika Jumanne, na kama unavyokumbuka nilikupigia simu kabla sijaimaliza kuisoma. Wasomaji wengine hawakusikia tuliyozungumza, kwa hiyo naanza hapo, ingawa hukuniuliza.

Choo cheusi kama lami si omena. Ni damu iliyotoka tumboni au kwenye utumbo wa juu, ikamengenywa njiani. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzuia kemikali zinazoleta maumivu, lakini katika kundi hilohilo la kemikali zimo zile zinazolinda ukuta wa tumbo na kupeleka damu kwenye figo. Binadamu ana nafasi fulani ya kuvumilia. Mbwa nafasi yake ni finyu sana, na kidonge kilichopimwa kwa ajili ya mgongo wa mtu mzima kinaweza kumtoboa vidonda vya tumbo kwa siku chache tu. Ndiyo maana Kuhu alitembea kama kijana siku ya pili na kutapika siku ya tatu: dawa ilikuwa inafanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja. (Diklofenaki hii hii, waliyokuwa wakipewa ng'ombe huko India, ndiyo iliyofyeka tai waliokula mizoga yao, mpaka serikali ya huko ikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006.) Umeniambia Kuhu alipata dawa za kutibu tumbo siku ileile na kwamba kufikia Jumapili choo kilikuwa kimerudi rangi yake. Nashukuru. Shemeji alitaka kusaidia, msimlaumu, lakini droo ya dawa za mbwa aifunge.

Tuje kwenye leza.

Inafanya kazi, ila kazi yake ni ndogo kuliko ulivyoambiwa, na inategemea sana nani ameshika mpini na anamulika wapi. Habari yake ilianza kwa bahati. Mwaka 1967, miaka saba tu baada ya leza ya kwanza kutengenezwa, daktari mpasuaji wa Budapest, Endre Mester, alitaka kujua kama mwanga huo unaleta saratani. Akawanyoa panya migongo, akawamulika. Saratani hawakupata. Alichoona ni kwamba nywele za waliomulikwa zilirudi haraka kuliko za wenzao. Tangu hapo watu wamekuwa wakiuliza mwanga unafanya nini ndani ya mwili.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Mwanga mwekundu, na ule wa infraredi ulio jirani yake, wenye mawimbi ya urefu wa takriban nanomita 600 hadi 1,000, unaweza kupenya ngozi na kufika kwenye nyama iliyo chini. Ndani ya seli mna mitokondria, vile vinu vidogo vinavyotengeneza nishati, na humo mna kimeng'enya kimoja ambacho hunasa mwanga wa aina hiyo. Kikiunasa, kinu kinachangamka, mishipa midogo ya damu inatanuka, na uvimbe unapungua. Maumivu nayo yanashuka. Gegedu lililolika, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halioti upya, wala nyonga iliyozaliwa vibaya haikai sawa. Kwa hiyo neno "inaponya" mimi nisingelitumia kwa baridi yabisi. Inatuliza, na kwa mbwa wa miaka 9 kutulizwa si jambo dogo.

Ile taa nyekundu uliyoiona huenda siyo iliyokuwa ikitibu. Infraredi haionekani kwa macho, kwa hiyo mashine nyingi huwekewa kidoa chekundu cha kumwonyesha mtumiaji anaelekeza wapi. Ndiyo sababu miwani si mapambo: usichokiona ndicho kinachoweza kukuchoma ndani ya jicho.

Utafiti unasemaje? Upo wa kutia moyo. Mwaka 2018 ulitoka mmoja ninaoupenda kwa jinsi ulivyofanywa: mbwa 20 wenye baridi yabisi ya viwiko, 11 wakamulikwa kweli, 9 wakafanyiwa kila kitu isipokuwa mwanga wenyewe, na wenye mbwa hawakujua nani ni nani. Baada ya wiki sita, 9 kati ya wale 11 waliweza kupunguziwa dawa za maumivu. Katika kundi la pili hakuna hata mmoja. Idadi ni ndogo, lakini tofauti inaonekana. Kwa mbwa waliopasuliwa uti wa mgongo, utafiti wa 2012 ulionyesha waliomulikwa walisimama na kutembea mapema zaidi, na mwingine wa 2017 haukuona tofauti yoyote. Kwa vidonda vilivyo wazi nako ni hivyohivyo, huku ndiyo, kule hapana. Mtu akikuambia imethibitishwa kabisa, anauza. Anayesema ni uganga wa taa naye hajasoma.

Sasa hesabu kidogo, mwalimu, maana hapa ndipo taa ya kijana wako inapojibiwa. Kipimo cha leza si dakika, ni jouli, yaani kiasi cha nishati kinachoingia. Kwa viungo vya baridi yabisi wengi hulenga jouli 8 hadi 10 kwa kila sentimita mraba. Nyonga moja ya mbwa mkubwa tuseme ni eneo la kiganja chako, sentimita mraba 100. Hiyo ni jouli 1,000. Wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Mashine ya wati 10, ambayo ni ya daraja la 4 (leza hupangwa kwa madaraja kulingana na hatari yake), inamaliza nyonga hiyo kwa sekunde 100. Mashine ya nusu wati, kilele cha daraja la 3B, inahitaji dakika 33. Na vile vitaa vya kuchezea paka, ambavyo watu wameanza kuvielekeza kwenye magoti ya mbwa, vina kama wati 0.005 tu: saa 55 na ushei kwa nyonga moja. Hapo sijatoa kinachoishia kwenye manyoya.

Kwa hiyo ile taa ya 4,000, usiponiambia ni nanomita ngapi na wati ngapi, siwezi kukuambia lolote, na kama muuzaji naye haandiki basi jibu tumeshalipata. Kilicho dhaifu hakitamdhuru Kuhu. Kitakula muda, na muda ndio usionao, kwa sababu nitakayoieleza. Zile zenye nguvu kweli sitaki kabisa ziwe nyumbani penye wajukuu wenye macho.

Nguvu nazo zina gharama yake. Manyoya meusi hunywa mwanga na kuugeuza joto, kama bati jeusi juani. Leza ya daraja la 4 ikisimama sekunde kadhaa mahali pamoja penye manyoya ya namna hiyo, ngozi inaungua. Kuhu hakuwa mkaidi, alikuwa anasema "moto". Anayetumia mashine hiyo anatakiwa asitulie, mpini uende na kurudi kama mtu anayepiga pasi shati la hariri, mkono wake wa pili ukifuata nyuma kupima joto, na kwenye manyoya mazito meusi anyoe kwanza. Mbwa akishtuka, unaacha, unapunguza nguvu. Kuendelea huku ameshikiliwa ni kumfundisha kuogopa godoro, na somo hilo amelielewa vizuri.

Sasa kucha.

Nimekusoma mara tatu na kila mara nasimama pale kwenye sebule ya giza. Mbwa mwenye maumivu ya nyonga tu huinua miguu kwa uchungu, hupunguza hatua, hukaa upande. Kukwaruza kucha ni jambo jingine. Mguu unaokwaruza mara nyingi ni mguu ambao ubongo haujui vizuri uko wapi. Na German Shepherd mwenye zaidi ya miaka 8, anayelegea miguu ya nyuma, anayekwaruza, na halii ukimgusa, hunifanya nifikirie uti wa mgongo kabla ya nyonga. Kuna ugonjwa unaonyausha nyuzi za neva ndani ya uti wa mgongo polepole, aina hii ya mbwa inajulikana nao sana, na tangu mwaka 2009 tunaijua hitilafu ya jeni iliyo nyuma yake. Hauumi. Unaendelea. Upo pia uwezekano wa pingili kubana neva, na huo unaweza kutibika. Lakini vilevile umesema asubuhi anakakamaa na akitembea analegea, na hiyo ni sauti ya baridi yabisi kabisa. Mbwa mzee ana haki ya kuwa na magonjwa mawili.

Fanya hivi leo jioni. Mshike Kuhu akiwa amesimama, Baba Zawadi amkinge chini ya tumbo ili uzito usimwelemee. Chukua mguu mmoja wa nyuma, uukunje taratibu ili mgongo wa wayo, yaani upande wa juu, ndio uguse sakafu. Achia. Mbwa mzima huugeuza papo hapo, hata hujamaliza kuondoa mkono. Akiuacha hivyo, au akichukua sekunde mbili tatu, neva zina neno. Rudia kwa mguu wa pili, maana mara nyingi upande mmoja hutangulia. Kisha angalia kucha zenyewe: zile mbili za katikati zikiwa zimelika kwa juu kuliko nyingine, zimekuwa zikiburutwa kwa wiki nyingi.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu leza haijui kutafuta ugonjwa. Ikimulikwa nyonga wakati tatizo liko kwenye uti wa mgongo, umelipia kumulika mahali pasipouma. Wapo watafiti wanaoijaribu leza hata kwa ule ugonjwa wa neva, ila hapo hupitishwa kando ya uti wa mgongo, pamoja na mazoezi mengi, na lengo ni kununua miezi ya kutembea. Na lipo la tatu ambalo sipendi kulitaja, lakini mbwa mkubwa, mzee, anayechechemea anaweza kuwa na saratani ya mfupa. Juu ya uvimbe wa saratani hatumuliki, kwa hofu ya kuuchochea. Hatumuliki macho, wala tumbo la mbwa mwenye mimba, wala tezi ya shingoni, wala jeraha linalovuja damu. "Haina madhara" ilikuwa kauli ya haraka.

Nimefanya kazi hii muda mrefu, nusu yake nikiwa kwenye matope ya maboma ya ng'ombe, na bado sijaelewa mantiki ya kuuza kifurushi cha mara 12 kabla ya picha moja. Nenda kliniki, kwa upole wako wa ualimu, uwaambie vikao vinane visimame kwanza. Omba picha ya eksirei ya nyonga na kiuno, na uchunguzi wa neva. Wanaweza kukubali sehemu ya ulicholipa ihesabiwe huko, usipouliza hutajua. Kama hawana mashine ya picha, kitivo cha utabibu wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na kutoka Ngong si safari ya kuogopesha. Uliza pia mashine yao ni ya wati ngapi, kila nyonga ilipata jouli ngapi, na kama waliandika popote. Daktari anayejua anachofanya hatakasirika. Atafungua faili.

Ikithibitika ni baridi yabisi, vikao vinane virudi, mara mbili kwa wiki mwanzoni kisha vipishane zaidi, manyoya yakinyolewa na nguvu ikishushwa. Kama baada ya vikao vinne hadi sita vilivyofanywa sawasawa hakuna lililobadilika, mimi ningeacha.

Lakini "lililobadilika" kwa macho ya nani? Hapa naomba msigombane. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya mbwa 58 wenye kuchechemea waliokuwa wakipewa dawa bandia isiyo na kitu. Walipitishwa kwenye sahani inayopima kila mguu unabeba uzito kiasi gani. Wenye mbwa waliona nafuu, na madaktari nao waliona nafuu, mahali ambapo sahani haikuona chochote, na si mara chache. Nami nimo humo. Anayempenda mgonjwa, na anayemtibu, wote huona wanachotamani. Na mbwa aliyetoka safari ya gari, aliyeshikwashikwa na kusifiwa nusu saa, mbona asikufuate getini?

Baba Zawadi ndiye anayefaa kuwa hakimu, kwa sababu haamini. Weka simu juu ya kigoda, mahali palepale kila mara, asubuhi kabla ya chakula. Rekodi Kuhu anavyoinuka kutoka kwenye gunia lake na hatua kumi za kwenda na kurudi. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki. Baada ya mwezi, kijana wako azichanganye video bila tarehe, amwonyeshe baba yake, naye azipange kuanzia mbovu hadi nzuri. Akizipanga karibu na kalenda yenyewe, leza inasaidia na mjadala umekwisha. Akizipanga ovyo, pia umekwisha. Hesabu na sekunde za kuinuka. Sekunde hazina mapenzi.

Kuna kitu ambacho hukukitaja kabisa kwenye barua, nikakitoa kwako kwenye simu kwa shida: uzito. Kilo 46. Dume wa aina yake anatakiwa awe kati ya 30 na 40. Ukaniambia pia habari ya chapati ya kila asubuhi, na kwamba wapangaji nao wana chapati zao. Mwalimu, katika utafiti wa 2010 mbwa wanene wenye baridi yabisi walianza kutembea vizuri zaidi walipopunguza takriban asilimia 6 tu ya uzito. Kwa Kuhu hiyo ni chini ya kilo tatu. Na mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya Labrador 48 waliofuatwa tangu utotoni hadi kufa: waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na baridi yabisi iliwafikia wakiwa wamechelewa sana. Hakuna leza inayofika hapo. Punguza ugali, ongeza mboga za kuchemsha zisizo na kitunguu wala chumvi, nyama isiyo na mafuta, na chapati iwe hadithi. Ongea na wapangaji kama ulivyokuwa ukiongea na darasa la nane.

Kwenye sakafu ile ya saruji, tandika mikeka au vipande vya kapeti kuanzia anapolala hadi mlangoni, ili asiteleze. Kata kucha. Matembezi mafupi mara mbili kwa siku ni bora kuliko moja refu la Jumamosi. Kwenye ngazi, pitisha taulo chini ya tumbo umsaidie kubeba nyuma. Tumbo likishapona na damu ikipimwa kuona figo na ini, daktari anaweza kumwandikia dawa ya maumivu ya mbwa, kama meloksikamu, kwa kipimo cha uzito wake. Dawa na leza hazigombani. Wale mbwa wa 2018 walikuwa kwenye dawa, na faida ilikuwa kupunguza dozi.

Kuhusu karo siwezi kuingia kati yenu. Nitasema tu kwamba Baba Zawadi ana hoja kuhusu kulipia mbele, na wewe una hoja kuhusu mbwa aliyewalindia nyumba miaka 9.

Zuhura. Usaha haumulikwi, unatolewa. Meno ya paka ni kama sindano: yanaingiza uchafu ndani, ngozi inajifunga juu, na jipu linaiva chini. Anahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kupewa antibiotiki, na vikao vya Kuhu haviwezi kuifanya kazi hiyo. Kwa kuwa hamjui paka aliyemuuma, uliza pia kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama alichanjwa zamani. Wewe mwenyewe ukikwaruzwa au kung'atwa unapomsafisha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali, usisubiri.

Na ile robo ya Panadol, kama nilivyokupigia kelele siku ile, paka ini lake haliwezi kuivunja parasetamoli. Inageuka sumu, damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unakuwa wa kahawia, uso unavimba, na robo ya kidonge inatosha kumuua. Iliyobaki kwenye droo kunywa mwenyewe, siku utakapokuwa na wapangaji mezani mkizungumzia chapati.